Jinsi ya kuanza shakuhachi wanavyoanza masensei wa Japani (jiandae kukaa na noti moja miezi)

Watu wananiuliza sana ile filimbi ndefu ya mwanzi ninayopigaga ni kitu gani na mtu anaanzaje, nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi nayamwaga yote hapa mara moja. Ni ndefu kidogo, kaa na chai yako.

Inaitwa shakuhachi. Jina halina ushairi wowote, ni kipimo tu. Shaku ni kama futi ya Kijapani, sentimita 30.3, na hachi ni nane, yaani sun nane, sun ni kama inchi yao. Shaku moja na sun nane, jumla sentimita 54.5. Ni kama fundi wa Kariakoo angeiita "futi moja na nane" na jina likabaki hivohivo miaka mia. Ina matundu matano tu, manne mbele na moja nyuma la dole gumba, haina vitufe, haina kipande cha kupulizia kama kile cha filimbi za shule. Unapuliza kwenye ukingo uliokatwa mshazari na basi, kazi yote iliyobaki ni ya midomo yako.

Kabla hujanunua chochote naomba ujue jambo moja maana hapa ndo wengi wanakata tamaa. Hawa masensei, yaani walimu, watu waliokula umri wao wote na hiki kipande cha mwanzi, hawakuanza na nyimbo. Walianza na sauti moja, noti ya chini kabisa inaitwa ro, matundu yote yamezibwa, na mpaka wanazeeka bado kila asubuhi wanaanza na hiyohiyo ro. Kwa hiyo kama lengo lako ni kupiga bongofleva kwenye harusi wiki ijayo nenda kanunue kinanda, hakuna ubaya. Kama unataka kujua hawa wazee wanaishije na mwanzi, endelea.

Unaingia nyumba ya nani

Sitaandika historia yote ila usipojua hii hutaelewa kwa nini mwalimu anakufundisha anavyokufundisha. Filimbi za aina hii zilifika Japani kutoka China kwenye karne ya 8, na kule Nara kwenye hazina ya Shosoin bado zimetunzwa nane za wakati huo, zenye matundu sita. Ile tunayoijua leo, nene, yenye shina la mzizi chini, ilikomaa enzi za Edo (1603 hadi 1868) mikononi mwa komuso. Komuso walikuwa watawa wa madhehebu ya Fuke ya Zen, tawi la Ubuddha, wengi samurai waliokosa bwana wa kumtumikia, wanatembea barabarani na kapu kubwa la majani limefunika kichwa chote mpaka kidevuni, wanapuliza shakuhachi wanapewa sadaka. Hawakuiita ala ya muziki. Waliiita hoki, chombo cha ibada, na kuipuliza kuliitwa suizen, yaani zen ya kupuliza. Wengine wakikaa kimya kutafakari, wao wanapuliza.

Kisha serikali mpya ya Meiji, iliyokuja baada ya Edo, ikayafuta madhehebu ya Fuke mwaka 1871, na komuso wakabaki na filimbi bila hekalu. Fikiria umeamka asubuhi kazi yako, dini yako na leseni yako ya kuombea njiani vyote vimefutwa kwa tangazo moja. Waliookoa ngoma ni watu kama Araki Kodo wa pili, waliifanya ala ya kawaida ya muziki, wakapiga pamoja na koto na shamisen, ala za nyuzi, wakafundisha raia. Ndo maana hadi leo kuna watu wawili ndani ya kila sensei, mtawa na mwanamuziki, na hawa wawili hawapatani kila siku.

Pata filimbi, ila usikimbilie ya mwanzi

Ya mwanzi iliyotengenezwa na fundi wa kweli ni hela. Za kuanzia zinakwenda mamia ya dola, za wapigaji wakubwa ni maelfu. Na zile za bei ya kutupa unazoziona mtandaoni nyingi ni pambo, zinafanana na shakuhachi kama mwanasesere anavofanana na mtoto. Mi nilinunua moja ya hivo, muuzaji simtaji, ilikuja imepinda, matundu utafikiri yametobolewa na mtu amefumba macho, nikakaa mwezi mzima nikijilaumu kumbe shida haikuwa mimi.

Anza na bomba la plastiki. Siyo aibu, hata Japani na Marekani wanaoanza wanatumia za plastiki na walimu wanakubali. Nenda duka la vifaa vya ujenzi omba kipande cha paipu ya robo tatu, ila beba rula, unachotaka ni tundu la ndani liwe kama milimita 20, maana mapaipu yetu yanatofautiana unene. Kata sentimita 54.5 kwa msumeno wa chuma, laini laini usije ukakata upogo.

Juu, upande wa mbele, kata mshazari kwenda nje kama nyuzi 30 hivi, upana wa hicho kikato usizidi sentimita moja na nusu. Wajapani wanakiita utaguchi, mdomo wa wimbo. Ukingo wa ndani wa kikato lazima uwe mkali na safi, hapo ndo hewa inapasuka inakuwa sauti, ukiulainisha kwa msasa umeua filimbi. Ila upande wa nyuma unaokaa kwenye kidevu huo ulainishe mpaka usikwaruze.

Sasa matundu. Pima kutoka chini: la kwanza kwenye sentimita 12, la pili 17.5, la tatu 23, la nne 28, halafu geuza paipu, la nyuma kwenye 31.5. Toboa kwa drili, anza na milimita 8, usianze na 10. Sababu ni kwamba tundu ukiliongeza sauti inapanda, kulipunguza huwezi, kwa hiyo unatoboa dogo unapiga ukiangalia programu ya tyuna, ya kupima noti, kwenye simu, ikiwa chini unaongeza kwa tupa ya duara kidogokidogo. Ukizibua toka chini kwenda juu unatakiwa upate D, F, G, A, C, na la nyuma likifunguka unarudi D ya juu. Majina yao ro, tsu, re, chi, ri. Na tafadhali usitoboe kwa msumari wa moto, PVC ikiungua inatoa gesi mbaya ya kuchoma mapafu, na mapafu ndo mtaji wako kwenye hii biashara.

Sauti ya kwanza

Chukua chupa ya soda tupu. Puliza juu ya mdomo wake mpaka iite huuu. Umeshafanya utotoni, sote tumefanya. Hiyo ndo shakuhachi, tofauti ni kwamba chupa inakusamehe na shakuhachi haisamehi.

Simama mbele ya kioo. Weka ukingo wa nyuma wa filimbi kwenye kidevu chini kidogo ya mdomo wa chini, yaani kidevu kinakuwa kama mfuniko nusu, kikato kinatazama mbele. Usizibe tundu lolote kwanza, maana matundu yakiwa wazi sauti inatoka kirahisi zaidi. Vuta midomo kidogo pembeni kama mtu anayezuia kucheka, acha katikati upenyo mdogo wa ukubwa wa punje ya mchele, puliza pole kuelekea kwenye ukingo, nusu ya hewa iingie ndani nusu ipite nje. Usijaze mashavu. Usipulize kwa nguvu, nguvu haisaidii kitu, utapata kizunguzungu uanze kuona nyota, ikitokea kaa chini upumzike usijifanye mwanaume.

Ukisikia upepo tu bila sauti, usibadilishe vitu vyote kwa pamoja. Badilisha kimoja: inua filimbi milimita moja, au shusha kidevu kidogo, au punguza punje. Ikiita, ganda hapohapo! Angalia kwenye kioo umekaaje. Toa filimbi mdomoni, irudishe, tafuta tena palepale. Zoezi la wiki ya kwanza ndo hilo, kuipoteza na kuipata. Wengine inaita dakika ya kwanza, mimi ilinichukua siku tisa, na siku ya kumi ikapotea tena nikataka kuivunja kwenye goti.

Jambo la majirani. Hizi siku za mwanzo mlio wako utafanana na mtu mwenye pumu anafukuza kuku, kwa hiyo chagua muda. Bibi yangu upande wa Tanga alikuwa hataki kabisa mtu apige mluzi wala filimbi usiku, unaita nyoka, na wengine husema unaita mashetani. Nikadhani ni mambo yetu ya pwani, kumbe Japani nao wanawakanya watoto vilevile, ukipiga mluzi usiku nyoka anakuja. Sasa sijui nyoka wa dunia nzima walikubaliana wapi, ila mi nimeamua napiga asubuhi, nyoka wamelala na jirani kashaenda kazini.

Ro

Hapa ndo penyewe, usiparuke.

Ukishaipata sauti bila kuziba, anza kuziba toka juu kushuka, tundu la dole gumba kwanza, halafu la nne, la tatu, la pili, la kwanza. Ziba kwa nyama ya kidole siyo kwa ncha. Kila ukiongeza kidole sauti itataka kufa, na mara nyingi kosa siyo midomo, ni kidole kimoja kimeacha upenyo wa unywele, hasa kidole cha pete cha mkono wa chini, hicho ndo msaliti. Ukifika chini kabisa yote yamezibwa na filimbi imetoa sauti nzito inayotetema mpaka kwenye mifupa ya kidevu, hiyo ndo ro, hongera, sasa usiende popote.

Wanaita robuki, kupuliza ro. Utaratibu: kaa mgongo umenyooka, kiti kinatosha, wao wanakaa seiza kwa magoti ila magoti yetu ya kukaa kwenye sofa yatalia. Vuta hewa kwa pua ishuke mpaka chini ya kitovu, mabega yasipande. Puliza ro moja mpaka hewa iishe yenyewe. Halafu nyamaza. Huo ukimya nao ni sehemu ya zoezi, wanauita ma, na wazee wanakwambia kimya kibaya kinasikika kama noti mbaya. Vuta tena, puliza tena. Dakika kumi kila asubuhi. Mwanzo ro yako itadumu sekunde nne tano ikakatika na kikohozi, baada ya mwezi utafika kumi, baadaye ishirini, lakini usihesabu sana sekunde, sikiliza ndani ya sauti. Kuna msingi wake, juu yake kuna oktevu inaingia na kutoka, kuna upepo, kuna kamlio kembamba kama kamba ya zeze. Ukishaanza kuvisikia hivo dakika kumi hazitoshi tena.

Kuna msemo wao wa zamani, ichion jobutsu, kwa sauti moja tu mtu anaamka kuwa Buddha. Sikuambii uamini, nakuambia tu kwa nini hawaoni aibu kupiga noti moja miaka.

Aliyelipeleka hili mbali kuliko wote ni Watazumi Doso, aliyeishi 1911 mpaka 1992. Huyu mzee hakutaka hata aitwe mwanamuziki. Mwanzi wake hakuuita shakuhachi, aliuita hotchiku, mwanzi mbichi wa asili ambao ndani haujapakwa wala kunyooshwa, mingine mirefu na minene kiasi kwamba mtu wa kawaida vidole havifiki. Asubuhi yake alianza na fimbo, mazoezi ya mwili mzima, kwake kupuliza lilikuwa zoezi la pumzi sawa na fimbo, muziki ulikuwa kitu kinachotokea njiani. Wengi walimwona kichaa kidogo. Ila mwanafunzi wake Yokoyama Katsuya ndiye aliyesimama New York Novemba 1967, Seiji Ozawa akiongoza okestra ya New York Philharmonic, akapiga sehemu ya shakuhachi kwenye November Steps ya mtunzi Toru Takemitsu, na pembeni yake Tsuruta Kinshi kwenye biwa, ala ya nyuzi. Pumzi ileile ya fimbo ya alfajiri, imekaa mbele ya vaiolini za watu.

Miaka mitatu ya kutikisa kichwa

Wapigaji wana msemo, kubi furi sannen, koro hachinen. Kutikisa kichwa miaka mitatu, koro miaka minane. Watu wanacheka wakisikia ila ni ratiba.

Kutikisa kichwa ni hivi. Filimbi ina matundu matano lakini muziki wake una sauti nyingi kuliko hizo, zinatoka wapi? Kichwani. Ukishusha kidevu, ukingo unakaribia mdomo, sauti inashuka na inakuwa nyeusi, laini, kama mtu anayezungumza akiwa amefunika shuka. Hiyo ni meri. Ukiinua kichwa sauti inapanda na kung'aa, hiyo ni kari. Unachanganya na kuziba tundu nusu. Mtu aliyezoea kinanda anafikiri ile sauti ya meri iliyofifia ni kosa anataka kuisawazisha ifanane na nyingine, hapana, wimbo umeandikwa ukijua kwamba hii itakuwa dhaifu na ile itakuwa kali, ukizisawazisha umeitoa roho. Mtikisiko nao, ule ambao mwimbaji wa taarab anautoa kooni, wao wanautoa kwa kichwa, juu chini au kushoto kulia, wanauita yuri.

Zoezi: piga tsu, ile F, shusha kidevu polepole huku unaangalia tyuna mpaka ishuke nusu hatua, ikae hapo, halafu irudishe. Itakufa njiani mara hamsini. Kosa la kila mtu ni kuvuta filimbi badala ya kichwa, mikono itulie, shingo ndo inafanya kazi. Ukimaliza shingo itauma siku mbili za mwanzo, kama ikiendelea kuuma wiki basi unakaza, legeza.

Koro ni ile mbinu ya kuchezesha vidole viwili kwa zamu mpaka filimbi inatoa korokorokoro kama njiwa, sitaielezea, mi mwenyewe sijafika. Na kuna muraiki, unapasua hewa yote kwa ghafla filimbi inanguruma, hii kila mtu anataka kuijaribu siku ya pili kwa sababu ndo wanayoisikia kwenye filamu za samurai. Jaribu, furahi, rudi kwenye ro.

Kutafuta mwalimu

Video peke yake zitakufikisha kwenye sauti na hapo basi. Siku hizi walimu wengi wa Japani, Ulaya na Marekani wanafundisha kwa video. Tokyo wametutangulia saa sita, kwa hiyo somo la saa moja jioni kwao ni saa saba mchana kwetu, mi natumia muda wa lanchi, nimejifungia kwenye gari nimezima feni, jasho linatiririka, na mzee wa upande wa pili amevaa sweta.

Kabla hujaomba somo ujue kuna njia, wanaziita ryu. Kinko-ryu inatoka kwa Kurosawa Kinko, samurai wa karne ya 18 aliyezunguka akikusanya nyimbo za komuso, mkusanyiko wa nyimbo 36 ambazo ndo hazina ya njia hiyo. Tozan-ryu aliianzisha Nakao Tozan Osaka mwaka 1896, ya kisasa zaidi, imepangika, inapenda kupiga kwa kikundi. Na kuna wa Myoan, Kyoto, wanaoshikilia upande wa ibada. Ukitaka kujua filimbi ni ya nani angalia kipande kigumu kilichopachikwa kwenye utaguchi, cha Kinko kina kona, cha Tozan kimepinda kama mwezi mwandamo. Chagua moja, kaa nayo. Kuchanganya mwanzoni ni kama kujifunza kuendesha gari kwa walimu wawili, mmoja wa Nairobi mmoja wa Kigali, utakufa kwenye kipitashoto.

Somo lenyewe usitegemee maelezo. Kijadi mwalimu na mwanafunzi wanakaa wakitazamana na wanapiga pamoja, yeye anapiga we unamfuata, ukikosea haachi, anaendelea, mkifika mwisho mnarudia. Mwalimu wangu kwa miezi miwili ya kwanza alinisahihisha kwa maneno mara chache sana, zaidi alikuwa anagusa kidevu chake na mimi najua hapo nimeshindwa meri. Ukianza unainama unasema onegaishimasu, ukimaliza arigatou gozaimashita. Usiite sensei kwa jina lake tupu, ni kama kumwita mwalimu wako wa madrasa "we Hamisi".

Noti zao zinaandikwa kwa herufi za katakana toka juu kwenda chini, mistari inaanzia kulia, na ndugu zetu waliosoma chuo cha Kurani hii ya kulia haitawatisha. Herufi tano za mwanzo, ro, tsu, re, chi, ri, unazishika jioni moja.

Mwanzi wenyewe

Ukishafika mwaka na bado unapenda, hapo utaanza kuutamani mwanzi, na ni vizuri ujue unalipia nini.

Mwanzi unaotumika ni madake. Haukatwi, unachimbwa na mzizi wake, wakati wa baridi utomvu umeshuka, na lazima uwe umekomaa, miaka mitatu kwenda juu. Fundi anaweza kuzunguka msitu siku nzima arudi na vipande vichache, maana anatafuta unene sahihi na vifundo saba vilivyokaa mahali pake, vya mzizi vikiwa vimebanana chini. Anaubanika juu ya makaa mafuta yatoke anafuta kwa kitambaa, anauanika juani mpaka ukijani uondoke uwe rangi ya pembe za ndovu, halafu anauweka. Miaka. Wengine wanauacha mitatu, wengine zaidi, na kuna mafundi wanafanyia kazi mianzi iliyochimbwa na baba zao.

Baada ya hapo anaunyoosha kwa moto, mara nyingi anaukata katikati na kuweka kiungo ili utenganike, anatoboa vifundo. Kama ni aina ya jiari, ndani anapaka ji, unga wa mawe uliochanganywa na urushi, anasugua, anapima, anapaka tena, tofauti ya unene wa karatasi inabadilisha noti nzima. Jinashi haipakwi, inabaki na umbo la mwanzi, haina usawa ila ina sauti kama ya msitu, wafuasi wa ibada wanaipenda hii.

Huo urushi ni utomvu wa mti, na mti huo ni ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Watu wa Mtwara na Lindi wanaobangua korosho wanajua mafuta ya ganda yanavyobabua vidole, basi urushi mbichi unafanya vilevile, fundi mwanafunzi anavimba uso na mikono mpaka mwili uzoee. Ukikauka hauna shida kabisa, unaweka mdomo bila wasiwasi. Na cha ajabu haukaushwi kwa jua, unataka unyevunyevu ndo ugande, kwa hiyo Dar kwetu masika ungekaa vizuri sana.

Wengi mnauliza kama mianzi yetu inafaa. Inaita, ndiyo, mwanzi wowote mkavu wenye tundu la milimita 18 hadi 20 ukiukata vizuri utaita. Nimejaribu wa Iringa, wenyewe wanashangaa unaukausha badala ya kuugema ulanzi, sauti ilikuwa nyembamba lakini tamu, ukapasuka mwezi wa saba. Kosa langu, niliukata mwezi wa tatu na sikuungoja.

Majina na vyeo, kwa haraka

Ukikaa miaka mwalimu anakupandisha hatua kwa hatua mpaka shihan, yaani ruhusa ya kufundisha, na juu yake dai-shihan. Vyeti vinalipiwa, na siyo kidogo, watu wanalalamika chinichini. Unapewa pia jina la mwanzi. Kwa Tozan jina linamalizikia na zan, ndo maana utakuta mtu kama Yamamoto Hozan. Serikali nayo ina cheo chake, Hazina Hai ya Taifa, Yamaguchi Goro wa Kinko alipewa 1992.

Huyu Yamaguchi msikilize wa kwanza kabla ya wengine wote. Alizaliwa 1933 akafariki 1999, na wimbo wake wa korongo kwenye kiota, ambamo anatetemesha pumzi mpaka unasikia mabawa, ndo uliowekwa kwenye ile rekodi ya dhahabu ya vyombo vya anga vya Voyager vilivyorushwa 1977. Vimeshatoka nje ya eneo linalofikiwa na upepo wa jua sasa hivi. Msikilize na spika za masikioni, macho yamefumbwa, fuatilia anavuta hewa wapi tu, usifuate wimbo. Halafu chukua bomba lako la robo tatu upige ro moja, usikie umbali uliopo, ni mkubwa na haina shida.

Utunzaji

Plastiki osha na sabuni. Mwanzi ukishapiga, toa mate kwa kitambaa chenye kamba, kipitishe toka juu kwenda chini mara moja mbili, usiuache kwenye gari juani wala mbele ya feni wala kwenye chumba cha AC usiku kucha, kukauka ghafla ndo kunaupasua. Mi wangu, ule wa pili, wa kweli, nilioukusanyia hela miaka miwili, unalala ndani ya mfuko wa plastiki na kipande cha ganda la chungwa kinachobadilishwa kila baada ya siku mbili kabla hakijaota ukungu, na safari ya Dodoma huwa siendi nao kabisa, naenda na bomba.